Ni Nini Kiuzuiacho Mnofu Usizidi?

Ndugu mkulima, umepata kujiuliza ni kitu gani kiuambiacho mnofu wa ndama wako, "Basi, umekua vya kutosha"? Mwili una vitu viamurishavyo kukua, na vingine vikatazavyo. Dakta Se-Jin Lee wa Marekani amevichunguza kwa miaka mingi.

Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, yeye na Alexandra McPherron waligundua baadhi ya vitu hivi, wakavipa namba. Mwaka 1997 walieleza habari za kile cha 8, kiitwacho myostatini. Hutengenezwa na mnofu wenyewe, na kazi yake ni kuuzuia usizidi. Panya walioondolewa kitu hicho walipata minofu mara 2 hata 3 ya wenzao.

Mwaka huo huo ikajulikana ya kuwa ng'ombe wa Belgian Blue, wa nchi ya Ubelgiji, huzaliwa na kasoro katika kitu hicho hicho. Ndiyo sababu mapaja yao yamejaa hivyo.

Lakini usiseme upesi, "Nipatieni mbegu ya fahali huyo!" Ndama wao ni wanene, na njia ya mama ni nyembamba. Majike wengi sana wa kabila hilo hupasuliwa na daktari ili ndama atoke.

Kitu cha 9, walichokitangaza mwaka 1993, hukaa katika yai la jike. Mwaka 1996 wataalamu wa Houston walionyesha ya kuwa panya jike asiye nacho hazai. Tena mwaka 2004 ilionekana kasoro ya kitu hicho katika kondoo wa Belclare na Cambridge, huko Ulaya. Jike aliyeirithi kwa mzazi mmoja huzaa wana wengi; aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ni tasa.

Basi tujifunze nini?

1. Mtamba wa mimba ya kwanza apewe mbegu ya fahali ambaye ndama wake huzaliwa wadogo. Mwulize Bwana Mifugo kabla ya kulipa.

2. Dume asipande binti zake. Kasoro iliyojificha hukutana hapo.

3. Andika katika daftari baba na mama wa kila mnyama.

Mtamba akifa akizaa, umepoteza ng'ombe, ndama na maziwa kwa siku moja.