Mbio Huanzia Jikoni

Apitaye njia itokayo Bukavu kwenda Kavumu huliona soko la Mudaka. Hapo kuna unga wa muhogo na wa mahindi, maharagwe, soya, ndizi, lengalenga, na sambaza wa Ziwa Kivu. Wengi hupita wasiwaze neno. Lakini mzazi mwenye mtoto apendaye kukimbia asipite upesi hivyo, kwa maana mbio nyingi hupotea hapo, kabla mkimbiaji hajaingia uwanjani.

Tumtazame mtu mmoja aliyezijua mbio kwa miguu yake, kisha akazichungua kwa elimu. Huyo ni Mike Boit wa Kenya. Mwaka 1972, katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, alipata medali ya shaba katika mbio za mita 800. Mwaka 1976 hakukimbia Montreal, kwa sababu Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika ziliisusia michezo ile. Hakukata tamaa. Mwaka 1978 huko Edmonton, Kanada, alitwaa dhahabu ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Wengine wangeridhika na medali. Yeye alishika vitabu, akasoma Marekani mpaka akapata digrii ya udaktari, akawa profesa wa elimu ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tena, pamoja na Vincent Onywera, Yannis Pitsiladis na wenzao, alishiriki katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004 juu ya chakula cha wakimbiaji hodari 10 wa Kenya. Kwa muda wa siku 7 chakula chao kilipimwa na kuandikwa.

Je, waliona nini? Dawa ya siri? La, hasha! Waliona ugali, wali, viazi, maharagwe, kabeji, maziwa na chai yenye sukari. Katika kila sehemu 100 za nguvu walizozipata, zaidi ya 76 zilitokana na vyakula vya wanga na sukari, kama 13 zilitokana na mafuta, na 10 zilitokana na protini, yaani kijenga-mwili. Ugali peke yake ulitoa sehemu 23. Hayo si mageni kwa mama yeyote wa Kivu.

Lakini tusifanye haraka kusema, "Basi, bugali watosha!" Kwanza, wakimbiaji wale walikula pungufu kuliko nguvu walizotumia, mtu mzima chini ya mwalimu aweza kuvumilia hayo kwa muda, lakini mtoto anayekua asimwige. Pili, bugali wetu mara nyingi ni wa muhogo. Unga wa mahindi una protini gramu 8 hivi katika gramu 100. Ule wa muhogo hauna zaidi ya 2. Mtoto alaye bugali wa muhogo na mchuzi mtupu hushiba tumbo, lakini misuli yake hubaki na njaa. Mashahidi hawako mbali: huko Lwiro, jirani zetu, waganga wametibu watoto wenye kwashakoo kwa miaka mingi sana, na watoto wale wametoka katika nchi yenye rutuba.

Basi, yatupasa kufanya nini? Changanya mahindi na muhogo. Weka maharagwe karibu na bugali, maana kinachopungua katika hindi hupatikana katika haragwe. Tia soya katika uji wa asubuhi. Fungu dogo la sambaza, walioletwa ziwani kutoka Tanganyika mwaka 1959, lina faida kubwa, kwani huliwa pamoja na mifupa. Lengalenga na sombe hulinda mwili. Baada ya mazoezi mtoto anywe maji yaliyochemshwa, na chakula kisikawie.

Neno moja kwa akina baba. Katika nyumba nyingi samaki huwekwa mbele ya baba, na mchuzi huachiwa watoto. Na binti akimbiaye hufikiriwa wa mwisho kabisa, ingawa yeye hupoteza damu kila mwezi na ahitaji kuirudisha. Mzee mwenye busara hupima kwanza sahani ya mtoto.

Nawe, mwanafunzi, usidanganywe na wauzao vidonge na sindano za kuongeza mbio. Katika miaka hii wakimbiaji wengi mashuhuri wa Kenya wamefungiwa mashindano kwa sababu ya dawa za namna hiyo. Jasho la miaka likapotea kwa siku moja.

Medali ni ya wachache. Lakini mwili wenye nguvu kwa jembe, kwa kitabu na kwa mbio, huo kila nyumba yaweza kuutafuta. Safari yake huanzia sokoni, hupita jikoni, ndipo ifike uwanjani.