Dhahabu na Sumaku katika Msako wa Salmonella

Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria mara nyingi ni dhahabu. Ni dhahabu halisi, ila chembe zake zina upana wa makumi machache tu ya nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ikiwa ndogo kiasi hicho, dhahabu hupoteza umanjano wake na kuwa nyekundu. Chembe hizo zikivikwa kingamwili zinazomtambua bakteria Salmonella, utepe wa aina ileile unaweza kumfichua ndani ya dakika chache.

Ili kumtafuta Salmonella, maabara kwa kawaida huchukua gramu 25 za nyama ya kuku, huziloweka kwenye maji ya virutubisho na kuziacha usiku kucha kwenye nyuzi joto 37, kisha huwaotesha bakteria hatua kwa hatua hadi waonekane kwenye sahani. Jibu kamili huchukua siku tatu hadi tano. Kuku huyo ameshaliwa zamani.

Hata hivyo, utepe peke yake hautoshi, na hapa ndipo matangazo mengi ya teknolojia hii yanapotia chumvi. Ili mstari uonekane, mara nyingi huhitajika bakteria 100,000 au zaidi katika mililita moja, ilhali nchi nyingi hazitaki hata mmoja ndani ya gramu 25.

Kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi hufanywa na chembe nyingine: oksidi ya chuma, nayo ikiwa imevikwa kingamwili. Humwagwa kwenye sampuli, zikatikiswa, zikawanasa bakteria. Sumaku ikiwekwa ubavuni mwa kichupa, doa la kahawia hujikusanya ukutani. Mafuta na vipande vya nyama humwagwa. Bakteria waliobaki huoshwa na kukusanywa katika matone machache. Kuwaotesha bado kunahitajika, lakini muda wake unaweza kupungua hadi saa kadhaa.

Mlipuko wa listeria, bakteria mwingine wa chakula, nchini Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 uliugusa moyo wangu: zaidi ya watu 200 walifariki, wakiwemo watoto wachanga wengi, na chanzo kilikuwa nyama ya kusindikwa. Ndiyo maana vipimo hivi ningependa kuviona kiwandani, kabla mzigo haujapakiwa. Utepe ukionyesha dalili, mzigo uzuiwe, na sampuli ioteshwe kwa njia ya kawaida, kwa kuwa kingamwili humnasa hata bakteria aliyekwisha kufa.