Bima ya Motokaa kwa Kijana

Ndugu Mhariri ameniomba niandike neno juu ya maisha ya huku Uingereza. Wenzangu walioandika kabla yangu wamekwisha kueleza habari za theluji, za vyuo na za treni. Mimi nitaeleza habari ya bima ya motokaa, maana hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko theluji. Tena miongoni mwa wasomaji wa gazeti letu wako ambao karibuni watashika usukani, hapo nyumbani au ugenini.

Nilimaliza Kidato cha Sita hapo shuleni, kisha nikaja kukaa na mama yangu mdogo katika mji wa Leicester. Yeye ni muuguzi. Mimi nilipata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia na kuwapa dawa. Asubuhi moja nyumba sita, na kila nyumba ina saa yake. Kazi hiyo bila gari ni taabu. Basi nilijifunza, nikafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani, nikafaulu mwaka 2022, umri wangu miaka 20. Nikanunua gari dogo lililotumika kwa pauni 1,400. Nilipouliza bei ya bima nilidhani macho yananidanganya: pauni 2,300 kwa mwaka mmoja!

KWA NINI KIJANA HULIPA ZAIDI

Bima si kodi wala si adhabu. Ni mfuko, mfano wa vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Kila mwanachama hutoa kidogo, na aliyefikwa na msiba ndiye hupewa. Lakini kuna tofauti moja. Chama cha kijijini hutoza watu wote sawasawa, bali kampuni ya bima humtoza kila mtu kwa kadiri anavyoelekea kupata ajali. Madereva wapya, hasa walio chini ya miaka 25, hupata ajali nyingi kuliko wazee wao, na ajali zao huwa kubwa. Kwa hiyo hutozwa zaidi.

Msomaji atauliza: yawezekanaje bima ipite bei ya gari lenyewe? Hata mimi niliuliza hivyo. Jibu ni kwamba gari lako ni jambo dogo katika hesabu hiyo. Tangu sheria ya mwaka 1930, kila dereva wa Uingereza hulazimika kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine atakaowaumiza, na kwa majeraha ya watu malipo hayana kikomo. Kijana akimgonga mtu hata akapooza, kampuni huenda ikalipia matunzo yake kwa miaka 40 au 50, na hesabu ikafika mamilioni ya pauni. Nao vijana hupenda kupakia vijana wenzao, hata ajali moja ikaumiza watu wanne. Hiyo ndiyo hatari inayolipiwa, wala si mabati ya gari.

Zamani wasichana walitozwa pungufu kuliko wavulana. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2011 kwamba jambo hilo si haki, na tangu tarehe 21 Desemba 2012 kampuni hazina ruhusa ya kupanga bei kwa kutazama kama mtu ni mume au mke.

KOSA LANGU

Sasa nitasema jambo ambalo sikupenda kulisema. Nilipoona zile pauni 2,300 nilitafuta njia ya mkato. Kijana mmoja niliyemwona katika simu, katika kurasa za watu kujuana, alisema aweza kunipatia bima kwa pauni 700. Mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, kampuni zote zasema elfu mbili, huyu mmoja anasema mia saba. Umejiuliza kwa nini?" Nikamjibu kwamba yeye hajui mambo ya vijana. Nikalipa. Nikaletewa hati nzuri yenye jina langu na namba ya gari langu.

Mwaka 2023, asubuhi moja nikienda kwa bibi kizee wangu wa kwanza, polisi walinisimamisha. Kamera zao husoma namba ya gari na kuilinganisha na daftari la bima la nchi nzima. Gari langu halikuwamo. Ikaja kujulikana kwamba yule mtu alinunua bima ya kweli kwa habari za uongo, akaandika kwamba nina miaka 45 na kwamba naishi mji mwingine. Baada ya siku chache akaifuta, akarudishiwa fedha, akazitia mfukoni.

Nilisema nimedanganywa, lakini huku kosa ni kuliendesha gari lisilo na bima, hata kama mwenyewe alidhani anayo. Nilitozwa faini ya pauni 300, nikatiwa pointi 6 za makosa katika leseni. Gari lilivutwa, na kulikomboa kulitaka ada, tena ada nyingine kwa kila siku lililokaa huko. Kubwa kuliko hayo ni hili: kwa sheria ya madereva wapya ya mwaka 1995, aliyepata pointi 6 kabla hajatimiza miaka miwili tangu afaulu hunyang'anywa leseni. Yampasa kuanza tena kama mwanafunzi na kurudia mitihani yote miwili.

Kazini nilipewa nyumba chache tu, zile zinazofikika kwa miguu. Mshahara ukapungua zaidi ya nusu. Wakati huo mdogo wangu wa kike alikuwa bwenini hapo shuleni, na mimi ndiye niliyempa nauli, sabuni, madaftari na viatu. Muhula ule sikupeleka kitu. Baba aliuza ng'ombe wa maziwa, wala hakunilaumu hata kwa neno moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini nimeona kwamba guu linalovunjika si lake peke yake.

NJIA ZA HALALI

Nilipopata leseni ya pili, mwaka 2024, nilimwuliza mama mdogo, nikauliza na kampuni mbalimbali, nikajifunza yafuatayo.

Kwanza, chagua bima kabla ya kuchagua gari. Kwa miaka mingi magari ya Uingereza yalipangwa katika makundi 50. Kundi la 1 rahisi kuliko yote na la 50 ghali kuliko yote. Gari la injini ndogo, lisiloongezewa mapambo wala nguvu, hulipiwa pungufu. Uliza bei ya bima yake kabla hujalipa shilingi kwa mwenye gari.

Pili, kubali kisanduku. Kampuni nyingi hufunga katika gari chombo kidogo kinachoandika mwendo wako, jinsi unavyopiga breki, jinsi unavyokata kona na saa unazosafiri. Kampuni nyingine hutumia simu yako kwa kazi hiyo. Dereva mpole huonekana kuwa mpole, na bei yake yaweza kushuka. Dereva mkali naye huonekana, na aweza kuongezewa bei au hata kufutiwa bima.

Tatu, andikisha mtu mzima mwenye uzoefu kuwa dereva wa pili, ikiwa kweli analiendesha gari hilo. Mama mdogo hulitumia gari langu siku za Jumapili, basi tulimwandika, na bei ikapungua. Lakini wako wazazi wanaojiandika kuwa madereva wakuu wa gari la mtoto ili bei iwe ndogo. Huo ni udanganyifu. Ajali ikitokea, kampuni yaweza kukataa kulipa, na mzazi na mtoto wote wawili wakaingia matatani.

Nne, angalia ile sehemu ya hasara unayokubali kujilipia mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Ukiiongeza, bei ya mwaka hupungua. Ila usiahidi pauni 800 kama huna 800.

Tano, usidhani kwamba bima ndogo, ya watu wengine tu, ndiyo rahisi. Huku mara nyingi kijana huikuta ghali kuliko bima kubwa, kwa sababu kampuni zimeona kwamba wanaoipendelea hupata ajali zaidi. Uliza bei za zote mbili.

Sita, ukiweza, lipa mwaka mzima kwa mara moja, maana malipo ya kila mwezi kwa kawaida hutiwa riba. Tena tafuta bei wiki tatu au nne kabla ya siku ya kuanza. Anayengoja siku ya mwisho hutozwa zaidi.

Saba, sema kazi yako ilivyo. Mimi husafiri kutoka nyumba hadi nyumba nikiwa kazini, na hiyo si sawa na kwenda ofisini na kurudi. Lazima hati ya bima itaje safari za kikazi, la sivyo ni kama huna.

Nane, vumilia. Kila mwaka upitao bila kudai malipo huleta punguzo, na punguzo hilo waweza kuhama nalo ukienda kampuni nyingine.

Mwaka ule wa 2024 nilitozwa pauni 2,900, kwa kuwa makosa ya nyuma nililazimika kuyataja. Kwa kisanduku na kwa mwendo wa taratibu, mwaka uliofuata ikawa 2,100, na sasa ni 1,500. Mdogo wangu hupata mahitaji yake tena, na mwezi wa jana baba ameandika kwamba zizi lina mtamba.

NA HAPO NYUMBANI

Ndugu zangu, msiseme mambo haya ni ya Wazungu. Tanzania pia sheria huagiza kila chombo cha moto barabarani, hata pikipiki ya abiria, kiwe na bima ya watu wengine, na wauza bima bandia wamo kila mahali. Kabla ya kupanda gari la mtu au kumlipa wakala, chukua namba ya bima au namba ya gari, uitazame katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, uitwao TIRA-MIS. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye simu ya mtandao.

Neno langu la mwisho ni hili. Bei ya bima hushuka kwa njia moja iliyo imara, nayo ni kuipunguza hatari yenyewe: gari dogo, mwendo wa wastani na maneno ya kweli katika fomu. Anayeificha hatari hajaipunguza, bali ameibeba peke yake. Njia ya mwongo ni fupi, nami naijua ilipoishia: kando ya barabara saa moja asubuhi, gari likivutwa, na bibi kizee akingoja chai yake.

Mwanafunzi wa zamani,
Leicester