Kichaa cha Mbwa Kisirudi Pemba

Kufikia mwaka 2014 chanjo ilikuwa imekitokomeza kichaa cha mbwa Pemba. Mwaka 2016 kikarejea kutoka ng'ambo. Hakikukomeshwa hadi 2018, baada ya mbwa kuchanjwa tena na walioumwa kufuatiliwa.

Ugonjwa usioonekana ndio husahauliwa kwanza katika bajeti. Wakuu wanaohusika hawana budi kuendeleza chanjo, na masheha waripoti kila mbwa aliyeuma, hata akiwa mmoja. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie sindano. Dalili zikishadhihiri, hakuna tiba.

Uangalizi huo uwafikie na kuku wanaopewa antibayotiki bila ushauri wa daktari wa mifugo, kwani vijidudu sugu vya bandani humfikia mlaji.