Tufaha na Uchachu Wake (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulilifuata tufaha kutoka asili yake kwenye milima ya Tian Shan, huko Kazakhstan, hadi mashamba ya Ulaya. Leo nadai jambo ambalo wanunuzi wengi watalipinga: raha ya tunda hili, hasa likiingia jikoni, imo zaidi katika uchachu kuliko katika utamu. Anayelichagua kwa wekundu wa ganda na wingi wa sukari hujinyima sehemu iliyo bora.

Ushahidi wangu wa kwanza ni Bramley, tufaha ambalo Waingereza hulipika na ni nadra kulila bichi. Mti wake wa kwanza ulitokana na mbegu alizopanda Mary Ann Brailsford mwaka 1809 mjini Southwell, Nottinghamshire. Mbegu ya tufaha haimfuati mzazi wake. Kila moja huotesha mti wenye tabia yake, na mara nyingi matunda yake hayafai. Huu ulifaa kupita kiasi. Baadaye nyumba na bustani vilinunuliwa na mwenye bucha, Matthew Bramley, na mwaka 1856 Henry Merryweather, mkulima kijana, alipoomba vikonyo vya kupandikiza, Bramley alikubali kwa sharti kwamba tunda liitwe kwa jina lake. Naona ni dhuluma kwa binti aliyeupanda. Tunda lenyewe ni kubwa, la kijani, na asidi yake ya maliki hukunja uso wa anayeliuma. Likipata moto, nyama yake hufumuka ikawa laini kama povu, na sukari inayotiwa haiufuti uchachu bali huutuliza, huku harufu ya tunda ikibaki. Ndiyo maana rojo lake huwekwa kando ya nyama yenye mafuta mengi, kama ya bata bukini, na ndani ya pai inayoliwa pamoja na kastadi: ulimi uliochoshwa na mafuta hupata ahueni. Tufaha tamu lisilo na asidi likipikwa hivyo hutoa uji wa sukari usio na habari.

Ushahidi wa pili uko Normandy na Somerset, ambako kinywaji cha saida hutengenezwa kwa matufaha ambayo mengi yake mtu akiyauma atayatema, kwa ukali na ukakasi wa tanini. Ukakasi huo ndio unaokipa kinywaji mwili. Wa tatu ni tufaha la Red Delicious, lililoanzia shambani kwa Jesse Hiatt, Iowa. Wakulima wa Marekani waliendelea kuchagua miti yenye matunda mekundu zaidi, ganda likapendeza na ladha ikafifia, na kufikia mwaka 2018 aina ya Gala ikalipita kwa wingi wa mavuno.

Wapo watakaouliza: kama sukari lazima iongezwe, kwa nini tusianze na tufaha tamu kisha tukamulie ndimu? Jawabu ni kwamba ndimu huja na harufu yake, ikafunika ile ya tufaha. Sukari haina harufu, kwa hiyo ni rahisi kuiongeza bila kuharibu kitu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kwetu tufaha ni tunda ghali, aghalabu kutoka Afrika Kusini, linalonunuliwa moja moja kwa mgonjwa au mgeni, wala hatuna desturi ya kulipika. Bei ni kweli. Lakini ladha tunayo: anayepika achari ya embe bichi au mchuzi wa ukwaju anajua tayari kazi ya uchachu. Granny Smith, tufaha la kijani lililoota kwa Maria Ann Smith karibu na Sydney katika miaka ya 1860, huuzwa Dar es Salaam na Nairobi; likipikwa taratibu na sukari kidogo, mdalasini na iliki, vipande vyake hulainika bila kusambaratika. Njombe na Lushoto, ambako matufaha hulimwa, yapo pia yaliyodondoka kabla ya kuiva au yenye madoa, ambayo mnunuzi huyakataa. Machanga yana pektini nyingi, inayogandisha jemu bila dawa yoyote, na doa hukatwa kwa kisu. Kuyatupa ni hasara. Maganda na viini vyake havitupwi pia, kwani hutoa siki, na hiyo ndiyo tutakayoieleza wiki ijayo.