Vipepeo weupe wa Dodoma si wadudu waharibifu wa mazao

Katika msimu wa mvua, wananchi wa Mkoa wa Dodoma na maeneo mengine ya Kanda ya Kati huweza kushuhudia vipepeo weupe wakipita kwa wingi juu ya mashamba, barabara na makazi, wote wakielekea upande mmoja. Wakati huohuo, baadhi ya vichaka porini huonekana vimeliwa majani hadi kubaki matawi matupu. Kwa mkulima ambaye mtama au uwele wake ndio kwanza unachipua, ni rahisi kudhani kuwa viwavijeshi wameingia na kukimbilia bomba la dawa. Makala haya yanaeleza kipepeo huyo ni nani, anakula nini, na kwa nini kumpulizia sumu ni hasara kwa mkulima mwenyewe.

Miongoni mwa vipepeo weupe wanaosafiri kwa makundi, anayefahamika sana katika nyika kavu za Afrika ni yule ambaye wanasayansi humwita Belenois aurota. Alielezwa kisayansi mwaka 1793 na mtaalamu wa wadudu wa Denmark, Johan Christian Fabricius. Mabawa yake meupe yana mishipa ya rangi ya kahawia iliyokolea, na kingo zake zina utepe mweusi wenye madoa meupe. Jike huwa na weusi mwingi zaidi kuliko dume. Anapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, Arabuni na hadi India.

Kuenea huko kunamtofautisha na baadhi ya vipepeo wa milimani. Papilio sjoestedti, kwa mfano, ni kipepeo wa misitu ya milima ya kaskazini mwa Tanzania, ikiwemo Meru, Kilimanjaro na Ngorongoro, na hahami kwenda mbali. Kipepeo wa nyika hana mlima wa kumpa unyevu mwaka mzima. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki huwa mikavu. Mdudu anayeishi katika mazingira ya namna hiyo hulazimika kuzaliana haraka majani yanapopatikana, kisha kuhama.

Jambo la msingi la kuelewa ni chakula cha kiwavi wake. Jike hutaga mayai kwa mafungu juu ya majani ya miti na vichaka vya jamii ya Capparaceae, kama vile Boscia, Maerua na Capparis. Jamii hiyo ni ndugu wa karibu wa mgagani, mboga inayojulikana katika kaya nyingi nchini. Ladha ya ukali na uchungu wa mgagani hutokana kwa sehemu na kemikali ziitwazo glukosinolati, ambazo mmea huzitumia kujikinga na wadudu. Wadudu wengi hushindwa kula majani yenye kemikali hizo, lakini viwavi wa vipepeo weupe wana protini maalumu tumboni inayozuia kemikali hizo kugeuka sumu kali. Uwezo huo umewapa chakula ambacho wengine hawakiwezi, na wakati huohuo umewafunga kwenye mimea michache. Kiwavi wa Belenois aurota hali mahindi, mtama, uwele wala alizeti.

Viwavi hao hula kwa pamoja na wanaweza kumaliza majani ya kichaka kizima. Baada ya wiki chache tangu yai kutagwa, kiwavi huwa amekuwa pupa na kisha kipepeo. Vipepeo wengi wanapotoka kwa mkupuo na majani mabichi ya kutagia yakawa yamepungua, huanza safari. Kusini mwa Afrika, misafara ya kipepeo huyu hutoka nyika za Kalahari na kuelekea kaskazini-mashariki, upande wa Msumbiji. Tanzania nayo ina nafasi katika historia ya elimu hii: mtaalamu wa wadudu wa Uingereza, C. B. Williams, alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga, mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1930 alichapisha kitabu kuhusu uhamaji wa vipepeo duniani.

Viwavijeshi ni wadudu tofauti kabisa. Wao ni watoto wa nondo, ambao huruka usiku. Viwavijeshi wa asili ya Afrika, Spodoptera exempta, hula nyasi za malisho na mazao ya nafaka. Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, ambaye uwepo wake nchini ulithibitishwa mwaka 2017, hupendelea zaidi mahindi. Huyu hutambulika kwa alama iliyo mfano wa herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyopangika kama mraba karibu na mwisho wa mwili. Hivyo, kabla ya kuchukua hatua, mkulima akague mimea yake: achunguze kiini cha mche, pande zote mbili za majani na alama za kiwavi. Iwapo viwavi wapo kwenye vichaka vya porini pekee na mazao ni mazima, hakuna sababu ya kupulizia kiuatilifu.

Kupulizia bila sababu kuna gharama. Fedha ya dawa hupotea, na sumu huua pia nyuki na wadudu wengine wanaochavusha maua. Alizeti, zao muhimu la Dodoma na Singida, hutoa mbegu nyingi zaidi inapotembelewa na nyuki, na ufugaji wa nyuki ni chanzo cha kipato kwa kaya za ukanda huu. Vipepeo wenyewe, wanapotafuta nekta, husaidia kuchavusha mimea ya porini.

Aidha, tangu Dodoma ilipotangazwa kuwa Jiji tarehe 26 Aprili, 2018, ujenzi wa makazi, ofisi na barabara umeongezeka. Viwanja vinaposafishwa, vichaka vya asili hukatwa vyote kwa kuonekana havina faida. Mwananchi anayeendeleza kiwanja au shamba anaweza kubakiza baadhi yake mipakani na kandokando ya makorongo, ambako pia husaidia kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mti uliopandwa kwa ajili ya kivuli hauwezi kuchukua nafasi ya kichaka hicho kwa kipepeo ambaye kiwavi wake hana chakula kingine.

Mkulima anayeona viwavi asiowatambua ndani ya shamba lake awasiliane na afisa ugani wa kata au kijiji chake ili watambuliwe kabla ya kununua dawa. Kiuatilifu kinachohitajika kitumike kwa kufuata maelekezo ya lebo, na kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.