Fundo la Utosini na Adabu ya Mkono

Watu husema kwamba ukitaka uzuri sharti uudhike, na aghalabu methali hii humwangukia mwanamke anayesukwa, aliyekunja uso kwa maumivu lakini asiyetarajiwa kulalamika. Wasusi hodari wa Musoma, Bunda na Butiama huikubali nusu yake tu: udhia wa kukaa kitako saa nyingi hauepukiki, bali udhia wa ngozi kuvutwa hata usingizi ukatoweka ni dalili ya mkono usiofunzwa.

Mafunzo yenyewe hufanyika nyumbani, hasa Jumamosi alasiri, watu wanapojiandaa kwa kanisa au harusi, kwa Wajita na Wakwaya wa kando ya Ziwa Viktoria kama kwa Waikizu wa Bunda na Wazanaki wa Butiama. Mwanafunzi haanzi na fundo la utosini. Kwanza huchambua rasta, yaani nywele za bandia, na kumpokeza mkubwa, macho yakisoma vidole; kisha hupewa chanuo apasue njia; halafu husuka mabutu, na baadaye mistari ya twende kilioni. Akiisha kuyaweza hayo ndipo huruhusiwa kupandisha nywele utosini.

Katika mtindo huo njia zote huelekea mahali pamoja, zikitoka kwenye paji la uso, masikioni na kisogoni. Kila mstari huanza kwa vishungi vitatu vyembamba, na kwa kila hatua vidole huokota nywele kidogo zaidi, hata mstari ukanenepa kwa kadiri. Ukifika utosini huinuliwa na kumaliziwa kuwa msuko huru. Mistari ya kisogoni ndiyo migumu, kwa sababu hupanda badala ya kushuka, na anayesukwa hana budi kuinamisha shingo. Misuko yote ikikutana hufungwa kwa uzi mweusi, kisha mmoja mmoja huviringishwa kulizunguka shina la misuko hiyo hata fundo likatokea, ncha zikafichwa chini na kushikwa kwa vibanio.

Siri ya kazi hii imo katika kipimo. Nywele za ukingoni mwa paji ni laini, nazo zikivutwa kwa nguvu mwezi baada ya mwezi mizizi yake hudhoofu hata kufa, na paji likapanda juu. Hapo uzuri umekula mtaji wake. Fundo nalo lina uzito, hasa likiongezwa rasta. Kwa hiyo mkono wenye maarifa huanza kwa upole ukingoni na kukaza ufikapo ndani, wala hautafuti wembamba wa mstari kwa gharama ya ngozi.

Kipimo hicho hufundishwa na desturi yenyewe. Kwa kuwa shule nyingi huwataka wasichana wawe na nywele fupi, binti hujifunzia kichwa cha dada, mama au shangazi. Mkubwa hukaa mkekani, mdogo huketi kigodani nyuma yake, na kichwa ambacho wakati mwingine asingethubutu kukigusa huwa kimo mikononi mwake. Staha humlazimisha kuuliza, "Shangazi, inauma?" na shangazi, ambaye katika mambo mengine asingemdhihirishia mtoto udhaifu wake, humjibu, "Legeza kidogo, mwanangu." Binti aliyezoea kuuliza hivyo hatakuja kumvuta mgeni kama avutaye kamba.

Nywele za bandia zenyewe zimepita katika misukosuko ya siasa na ushuru. Mwaka 1969 vijana wa TANU, chama cha Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, walipiga vita mawigi pamoja na sketi fupi katika Dar es Salaam. Na mwaka 2019 serikali ikatoza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zitokazo nje na asilimia 10 kwa zile za nchini. Ususi wa nyumbani haukutikisika sana, kwani mwenye nywele zake ndefu hahitaji ila chanuo, mafuta, uzi na mtu wa kumsuka.

Basi fundo lisihukumiwe kwa sifa za jioni lilipofungwa. Hukumu yake ya insafu ni ya asubuhi ya pili: mwenye kichwa akiwa amelala usingizi, na mistari ikiwa imesimama pale ilipowekwa, msusi amehitimu. Udhia wa uzuri upo, lakini kuupunguza ni wajibu wa yule autengenezaye, wala si haki kuiachia methali kazi ya kumwombea radhi.